Msonobari Usiodanganywa na Mei

Torvald Ekhammar hakunywa kahawa ya kumiminiwa mpaka amwone mmiminaji ametangulia kumeza. Si kwamba aliwahi kutiliwa sumu. Pale Granvattnet, kijiji chetu cha Värmland, hapakuwa na mtu mwenye haja ya kumpoteza mtunza miti. Ndivyo tu alivyoumbwa. Aliinusa, akachungulia kikombe kama aliyedondosha pete humo, akakukodolea macho mpaka koo lako lipande na kushuka, ndipo naye akapiga funda. Dukani aliyainua mayai kwenye taa moja moja. Kanisani, mchungaji akisema tuombe, Torvald alifumba jicho moja. Marehemu mkewe, Asta, alikuwa akisema kwamba alichumbiwa kwa uchunguzi mrefu kuliko wa polisi, na siku ya harusi bwana harusi aliikagua pete kama ni dhahabu kweli, ilhali aliinunua yeye mwenyewe.

Watu walimcheka, naye alijua wanamcheka, akazidi kuwashuku.

Duniani kote alimwamini mtu mmoja, na huyo alikuwa kaburini miaka mingi: baba yake, Algot.

Algot alikuwa mbebeshaji wa miti. Katika shamba letu la mbegu, pale kando ya ziwa, misonobari inayotoa mbegu haikuoteshwa kwa punje. Unachagua mti bora msituni, uliosimama wima na usio na mafundo mengi, unakata kijiti kichanga tunachokiita kikonyo, unakibebesha juu ya mche mdogo na kukifunga kamba mpaka vishikane. Halafu mwaka hadi mwaka unayapunguza matawi ya mche wa chini ili nguvu yote imwendee mgeni wake. Kikonyo ndicho chenye jina na ukoo. Mche wa chini ni miguu tu, na miguu haiulizwi kabila. Enzi za Algot miche hiyo iliota kutokana na mbegu za bei rahisi zilizokuja kwa magunia kutoka Belarusi. Torvald, aliyerithi kazi ya baba yake pamoja na kisu chake, aliidharau waziwazi. "Miguu ya kuazima," alikuwa akisema, huku akiikata bila huruma.

Kikonyo kilichomletea Algot sifa kilisemekana kimetoka kwenye msonobari mkubwa ulio nyuma ya nyumba yao. Nyinyi mnaoishi kwingine hamjui Mei ya kwetu ilivyo laghai. Jua linawaka, miti inaamini, vichipukizi laini vinafunguka. Mwanzoni mwa Juni zinakuja nyakati tunazoziita usiku wa chuma. Jalidi inashuka, na asubuhi vichipukizi vyote vimegeuka kahawia na kunyauka kama majani ya chai. Lakini mti wa kwanza aliobebesha Algot, ule wa langoni, haukudanganyika. Wenzake walipofungua, wenyewe ulilala. Jalidi ilipopita ndipo ukaamka, mzima, bila jeraha. Wakubwa wa shamba wakapiga makofi, wakakata vikonyo kutoka mti ule wa langoni, wakabebesha safu nzima. Mashamba mengine nayo yakaja kuomba. Algot alipofariki, wakaupigilia kibao cha shaba chenye neno moja: ALGOT.

Siku ya kibao hicho ndipo Torvald alipogombana na Verner Hult. Verner alikuwa amefanya kazi na Algot tangu ujana, kwa hiyo aliombwa aseme maneno mawili. Akasimama, akavua kofia, akawatazama watu waliokaa, akasema, "Algot alikuwa mwenzangu. Ya mti tuyaache." Akakaa. Watu wakakohoakohoa. Torvald hakuhitaji kuambiwa zaidi: huyu ana wivu, na mwenye wivu ana jambo. Kuanzia siku hiyo, kila Verner alipoingia kibandani kunywa kahawa ya saa nne, Torvald alichukua chupa yake ya kahawa akaenda kunywea kwenye trekta. Kwetu kumsusia mtu kahawa ya kazini ni kumzika angali hai. Verner alistaafu, akazeeka, akapita miaka themanini, lakini hakuacha kuja kibandani saa nne. Torvald naye hakuacha kwenda kwenye trekta.

Sasa zamu ya Torvald kustaafu ilikuwa imefika, vuli ya mwaka ule. Kando ya shamba la zamani lilikuwa linaanzishwa jipya, kubwa zaidi, na uamuzi ulikuwa kwamba nusu yake ijazwe mti wa Algot na jina hilo liandikwe kwenye lango lake. Torvald hakutaka saa ya ukutani wala hotuba ya kuagwa. Alitaka kitu kimoja tu: siku atakayokabidhi funguo, apite chini ya jina la baba yake.

Mwishoni mwa Aprili akaja Bodil Rasmark, mtaalamu wa vinasaba, kutoka Skåne, kusini kabisa, ambako watu huongea kama wenye uji wa moto mdomoni. Torvald alimkuta anachuma majani ya sindano na kuyatia kwenye vifuko.

"Dada, majani yetu unayapeleka wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi, Mzee Torvald."

"Njema. Unayapeleka wapi?"

"Njoo kwenye kahawa nikueleze. Nimeleta keki ya iliki."

Keki ni hongo, Torvald alijua, lakini alikwenda. Alipofika alimkuta Verner ameshakaa kwenye benchi. Akasimama mlangoni na chupa yake mkononi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ingia, bwana," Verner alisema. "Leo sumu nimeisahau nyumbani."

"Nasikia vizuri hapa hapa."

Bodil akamimina kahawa. "Ndani ya kila chembe ya msonobari kuna maandishi ya urithi," alianza. "Ni marefu, marefu ajabu. Mara sita, saba, ya yale ya binadamu."

"Mti unizidi mimi?" Torvald aliuliza.

"Wewe unazidiwa na wengi," Verner alisema.

Bodil akaficha cheko nyuma ya kikombe. "Ila sehemu kubwa si maagizo ya kazi, mzee. Ni vipande vilivyojinakili vyenyewe, nakala ikaruka ikakaa kwingine, nayo ikajinakili tena. Tunaviita vinasaba vinavyohama. Mimea mingi huvifagia taratibu. Misonobari haina tabia ya kufagia. Vimerundikana tangu enzi na enzi."

"Aa, nimeelewa," Verner alisema. "Kama ghala la Torvald."

Hata Torvald hakuweza kulikana hilo. Ghalani kwake mlikuwa na skii zilizovunjika, cherehani ya Asta, mifuniko isiyo na sufuria na milango isiyo na nyumba. Hakutupa kitu, maana hujui nani atakiokota na kukifanyia nini.

"Sasa uzuri wake ndio huo," Bodil aliendelea. "Kipande kikishatua mahali, kwa kawaida hubaki hapo na kurithiwa. Kila ukoo umejazwa kwa namna yake. Nikitazama vimekaa wapi, naujua mti na ndugu zake na walikotoka. Shamba jipya halibebeshwi mpaka tuhakikishe kila mti ndio ule unaosemwa. Makosa ya vibao yamejaa kote duniani."

"Si hapa."

"Sijasema hapa. Halafu kuna la pili. Huu wenu unaochelewa kuamka, tunashuku kuna kipande kimetua jirani na kinasaba kinachoamsha vichipukizi, ndicho kinachouchelewesha. Tunashuku tu. Hatujathibitisha."

Neno hilo lilimpendeza Torvald. Hakujua kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kushuku. Lakini hakuwa mtu wa kulainika kwa neno moja. "Na hivyo vinavyoruka, haviwezi kurukia mfuko wa pili njiani? Au mtu akavirusha, huko maabara kwenu?"

"Mzee wangu, hakuna wa kuvirusha. Nani ana shida na majani yenu?"

"Hivyo ndivyo anavyosema kila mwenye shida nayo." Torvald akaweka chupa chini. "Basi sikiliza. Mfuko wa mti wa langoni naufunga mimi. Tena nitakuletea na majani ya mti mama, ule wa nyumbani kwangu, nao naufunga mimi. Vikifanana, hamna mtu wa kubadilisha kitu. Visipofanana, najua mmechezea."

"Kanuni haidai mti mama," Bodil alisema. "Inadai miti ya shambani ifanane yenyewe kwa yenyewe, basi. Lakini ukitaka, lete."

Hapo Verner akaweka kikombe mezani. Kicheko kilikuwa kimetoweka usoni mwake. "Torvald, acha. Mti ule mzee. Uache upumzike."

Torvald akamtazama. Moyo wake ukaruka kwa furaha mbaya, ile ya mtu aliyeona mkia wa panya ukiingia shimoni. Kumbe! Huyu anaogopa. Jioni ile ile alichuma majani ya msonobari wa nyumbani, akafunga mifuko yote miwili, akaidondoshea nta ya mshumaa kwenye mafundo na kuigandamiza kwa subana ya Asta, ile aliyovaa kidoleni akishona, halafu akasaini juu ya nta na chini ya nta.

Bodil alirudi mwisho wa Mei. Alimkuta Torvald peke yake kibandani, na hakuleta keki.

"Mihuri yako ilifika salama," alisema. "Niliikagua mbele ya mwenzangu. Haikuguswa."

"Vizuri. Kwa hiyo?"

"Miti ya safu na mti wa langoni ni kitu kimoja. Hapo safi kabisa. Ila mzee, mti wa nyumbani kwako si mama yao. Si mama, si shangazi, si jirani. Wa nyumbani ni wa hapa hapa Värmland, wa asili. Wa langoni ulivyojazwa ndani, ni wa mashariki. Umefanana na misonobari ya Belarusi."

Kwa kawaida mtu wa aina ya Torvald akipewa habari mbaya husema umenidanganya. Lakini safari hii alijikuta hana pa kupitia: nta ilikuwa yake, subana ya mkewe, sahihi ya mkono wake. Mchimba shimo alikuwa ameingia mwenyewe, na ngazi ameivuta nyuma yake.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza mwishowe.

"Mimi na wewe. Nimeshakwambia, kanuni haidai mti mama. Kazi yangu ni miti ya shambani, nayo imefanana. Ukiniambia niyaache majibu ya mti wako nje ya ripoti, nitayaacha. Niliupima kwa hisani tu. Jina litabaki. Ukiniambia niyaandike, itabidi kila kitu kiandikwe upya, na jina la Algot litatoka, shamba la zamani na jipya. Nakupa wiki moja ufikiri."

"Kwa nini unanipa?"

"Kwa sababu ni baba yako."

Akaondoka. Torvald aliigeuzageuza huruma ile kama yai kwenye taa, akitafuta ufa. Hakuuona, akakasirika zaidi. Halafu akakumbuka mtu aliyeweka kikombe chini.

Alimkuta Verner mezani nyumbani kwake, anakula ugali wa oti zilizokaangwa, kwa mkono, kama tunavyoula Värmland, anauchovya kwenye mafuta ya nguruwe.

"Karibu ugali," Verner alisema bila kushangaa.

"Sili chako. Ulibadilisha vikonyo vya baba yangu."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unamwonea wivu. Ukavitupa vyake ukabebesha vyako ulivyovitoa sijui wapi, ili siku moja aaibike. Ndiyo maana siku ya kibao ulishindwa kusema. Ndiyo maana uliniambia niuache mti. Mwizi hujiumbua mwenyewe!"

Verner akajifuta vidole kimoja baada ya kingine kwa kitambaa. "Miaka yote hii unanisusia kahawa, nimenyamaza. Leo umekuja kunitukana kwenye ugali wangu. Torvald, umeingia hapa na mdomo umejaa majibu, swali hata moja huna."

"Sihitaji swali."

"Basi nenda. Ila goti langu linasema jalidi inashuka leo au kesho. Asubuhi ukiamka, tazama dirisha lako la jikoni, halafu nenda ukautazame mti wa langoni. Chini, si juu. Juu mmeutazama wote mpaka mkapofuka. Ukimaliza, kama bado una matusi, uniletee. Mlango hauna kufuli."

Goti la Verner halikusema uongo. Siku iliyofuata kulikucha kweupe. Nyasi zimekakamaa, ndoo ya maji uani imefunikwa kioo cha barafu. Torvald alisimama dirishani na kikombe alichojimiminia mwenyewe. Msonobari mkubwa nyuma ya nyumba ulikuwa umefungua vichipukizi tangu wiki ile, kijani laini cha kupendeza. Mchana jua lilipopanda, vyote vilining'inia vikiwa kahawia.

Ulikuwa unaungua hivyo karibu kila mwaka. Si kwamba hakujua. Aliuona ukiungua akiwa mtoto, akaona akiwa kijana, akaona akiwa mjane. Na kila mara alikuwa na sababu tayari: ni uzee wa mti, ni bonde linalokusanya baridi, ni kivuli cha ghala. Eti mama anadanganywa na Mei kila mwaka, na wanawe hawajadanganywa hata mara moja! Mtu aliyekagua mayai ya duka na dua za mchungaji alikuwa amekaa mbele ya ushahidi huo maisha yake yote, akinywa kahawa. Nyani haoni kundule, hata akiwa na dirisha.

Akaenda langoni. Mti wa kwanza wa Algot ulikuwa umelala, vichipukizi vimefumba, jalidi imeupita kama haijawahi kuja. Torvald akapiga magoti, akaanza kubandua kuvu la kijani lililovaa kitako cha mti. Kila mti uliobebeshwa una kovu karibu na ardhi, mahali kikonyo na mche viliposhikana. Anaweza kulitambua gizani kwa kidole. Alibandua pande zote. Aliparua kwa kisu cha baba yake, polepole, kisha kwa haraka. Gome lilikuwa moja kutoka mizizini kwenda juu. Kovu halikuwepo.

Kilichokuwepo, usawa wa paja, ni kiwiko. Shina lilitoka ardhini likaelekea kando kidogo, halafu likapinda na kupanda wima. Kiwiko hicho alikijua. Alikuwa akikiegemea akila mkate wake. Siku zote alisema ni theluji iliyokipinda. Sasa aliona kinavyotokea: kilele kimekatika, tawi la pembeni likainuliwa, likafungwa kwenye mti wa kushikiza ili ligeuke kilele. Theluji haifungi kamba.

Alibaki amepiga magoti pale mpaka baridi ikampanda kiunoni.

Mlango wa Verner kweli haukuwa na kufuli. Mzee alikuwa jikoni, ameweka birika motoni, kama anayemngoja mtu.

"Safari hii nina swali," Torvald alisema.

"Kaa."

"Nani alilifunga lile tawi?"

"Baba yako. Mimi nilishika kamba." Verner akakaa taratibu, goti likilia. "Ilikuwa ni majira ya baridi baada ya kubebesha. Algot alitoroka kazini akaenda kutega samaki chini ya barafu, akasahau kufunga lango la uzio. Elki, kulungu wale wakubwa, wakaingia. Unajua elki na msonobari mchanga. Walikula vikonyo vyote vya mti wa nyumbani kwenu, hakikusalia hata kimoja. Miche ya chini ndiyo ikabaki na vitawi vyake. Bwana mkubwa alikuwa anakuja kukagua, na wewe ulikuwa mtoto wa kutambaa, na kazi nyingine hapakuwa. Tukang'oa iliyoharibika kabisa. Mmoja, wa langoni, tukauinulia tawi, tukaufunga, kibao kinachosema ni wa nyumbani kwenu tukakiacha. Baba yako alisema, nitabebesha tena masika, huu nitautoa kimyakimya."

"Hakuutoa."

"Angeutoaje? Ikapita jalidi, miti yote ikaungua, huo ukasimama. Wakubwa wakaja wakamkumbatia. Algot akafungua mdomo, mimi nilikuwepo, nilimwona anafungua mdomo. Halafu akaufunga. Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa mgumu zaidi kuufungua."

Torvald aliitazama mikono yake. Kwenye kucha mlikuwa na kuvu la kijani. Alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akipita lango lile bila kugeuza shingo, naye akadhani ni unyenyekevu. "Mimi niliiita miguu ya kuazima," alisema. "Maisha yangu yote, mbele yake. Alikuwa ananyamaza tu."

"Alikuwa ananyamaza."

"Na wewe? Nimekuita mwizi, Mzee Verner. Kabla ya jana nilishakuita, moyoni, kila siku saa nne. Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa ameniomba nisiseme akiwa hai. Alipokufa nikaona basi, nitasema. Siku ya kibao nilisimama niseme. Nikakuona umekaa mstari wa mbele. Wewe, unayefumba jicho moja kanisani, ulikuwa umeyafumbua yote mawili, unasikiliza sifa za baba yako kama mtoto. Nikajua duniani unamwamini mtu mmoja tu. Nikikunyang'anya huyo, utabaki na nani?"

Torvald aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha. Na chini ya aibu hiyo aliona uchungu kwa ajili ya baba yake, aliyetembea na kibao kile shingoni hata kabla hakijatengenezwa. Machozi yalimtoka. Verner akageuka kulitazama birika, kwa adabu, mpaka alipomaliza.

"Bodil ameniambia anaweza kunyamaza," Torvald alisema.

"Anaweza. Hata mimi naweza, nimeshazoea. Lango jipya litaandikwa Algot na hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Eh. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Nimeifanya, haina likizo."

Siku hiyo hiyo Torvald alimpigia simu Bodil. Alisema neno moja, "Andika," halafu kwa kuwa alikuwa Torvald akaongeza, "Na unisomee ulichoandika." Bodil akamsomea. Mti ule utabebeshwa shamba jipya kama ilivyopangwa, maana uzuri wake haukupungua kwa kujulikana kwao; ila utakwenda kwa namba, na kwenye asili yake itaandikwa mashariki. Wafanyakazi hawakusubiri namba. Wiki haikuisha wakawa wanauita Miguu ya Kuazima, na unaitwa hivyo mpaka leo.

Kibao cha shaba Torvald alikibandua mwenyewe. Hakukitia ghalani. Alikipeleka nyuma ya nyumba, akakifunga kwa waya kwenye msonobari mkubwa, ule unaodanganywa na Mei kila mwaka, ukaungua, na mwaka unaofuata ukaamini tena. Huo ulikuwa wa Algot kweli. Alisimama chini yake, vichipukizi vilivyokauka vikimdondokea mabegani, akakisoma kibao mara moja kwa sauti.

Kesho yake saa nne aliingia kibandani. Trekta lilibaki peke yake uani. Verner alikuwa kwenye benchi, akasogea kidogo, akammiminia kikombe, kisha akaanza kujimiminia chake bila haraka.

Torvald akakichukua kikombe. Hakukinusa, hakuchungulia. Akapiga funda kubwa, kahawa ikamuunguza ulimi mpaka macho yakamlengalenga.

"Polepole, bwana," Verner alisema. "Mimi mwenyewe sijaionja bado."